Walionivua Nguo

Nianze na bukta, kwa sababu bila bukta habari hii haieleweki. Siku ile nilikuwa nimevaa bukta ya bluu ya mume wangu Werema, ya enzi alipokuwa akichezea timu ya kijiji. Inanifika magotini na kiunoni nimeikaza kwa kamba. Nilikuwa na blauzi, na juu ya bukta nilikuwa nimejifunga kanga, kama mwanamke yeyote wa Machochwe anayetoka kwenda shambani. Naomba uyakumbuke mavazi hayo, maana watu wengi sana wameyasahau.

Tembo waliingia saa kumi na moja jioni, jua bado lipo. Walikuwa watano, mmoja mtoto. Hapa kwetu hifadhi iko karibu, na mtama ukianza kuiva wao wanajua kabla ya mwenye shamba. Nilikuwa na Scholastica, binti yangu wa kidato cha tatu. Tulipiga madebe, tukapiga mayowe, Schola akawasha moto wa pilipili, upepo ukatuletea moshi sisi wenyewe. Yule jike mkubwa alitutazama mara moja akaendelea kutafuna kama mgeni aliyealikwa. Mtama ule ulikuwa ugali wetu wa mwaka mzima. Werema ni mpishi kwenye kambi moja ya watalii kule Ikoma, na anachopata kinaishia kwenye ada.

Nikafungua kanga. Nikaishika kwa mikono miwili, nikaipeperusha juu ya kichwa na kumkimbilia yule jike huku nikimporomoshea matusi ya Kikurya ambayo siyaandiki hapa, kwa kuwa mama mkwe wangu ana wajukuu wanaojua kusoma. Sijui ni rangi ya kanga, sijui ni kule kupepea, sijui ni matusi. Aligeuka. Wenzake wakageuka naye, mtoto katikati, wakarudi walikotoka. Nilisimama pale nikajiona shujaa, na ushujaa wangu ulidumu kama saa moja hivi.

Barabarani alikuwa amesimama Happy, msichana anayeuza vocha pale senta. Alipiga video akaituma kwenye grupu la kwaya ya akina mama, eti tumwombee dada Nyangi, amenusurika. Hivyo ndivyo alivyoniambia baadaye huku akilia, na ninamwamini. Happy hana ubaya, ana simu tu. Kutoka kwenye kwaya video ikafika mjini Mugumu kwa kijana anayeitwa Vincent, mwenye televisheni ya mtandaoni. Vincent akaondoa sauti yangu akaweka muziki wa msiba. Akawakata tembo, wote watano, pamoja na ukubwa wao. Halafu akaniwekea ukungu kuanzia kiunoni hadi magotini, ule ukungu wanaowawekea watu walio uchi. Bukta ya Werema ikapotea humo. Juu akaandika kwa herufi kubwa: MAMA AVUA NGUO HADHARANI MACHOCHWE, ATOA LAANA!

Mtu wa mbali anaweza kucheka. Kwetu jambo hili halichekwi. Mwanamke mzima akivua nguo kwa hasira mbele za watu, hiyo ni laana, tena nzito, na inashika hata ardhi aliyosimama. Wazee wanaliamini hilo waziwazi. Vijana wanajifanya hawaamini, lakini wakifika hapo wanapita njia nyingine. Kwa hiyo video moja ilinipa makosa mawili kwa mpigo. Kwa watu wa kanisani nikawa mwanamke asiye na haya, na kwa wazee nikawa mtu wa kuogopwa. Yote mawili niliyapata nikiwa nimevaa bukta.

Schola alinisomea maoni ya watu kwenye simu ya Happy, kwa sababu mimi natumia kitochi, simu isiyo na intaneti. Wanaume walikuwa wakitania, wengi wao upuuzi mtupu. Walioniuma ni wanawake. Mmoja aliuliza kama nina mume. Mwingine alisema mapaja yangu yanaonyesha tabia yangu, mapaja ambayo yako ndani ya ukungu, sijui aliyaona wapi. Mwingine, amejipiga picha amembeba mtoto mgongoni kama mimi nilivyombeba Schola, aliandika: "Mwanamke anayejiheshimu angewaacha tembo wale."

Hilo nililikumbuka usiku na mchana. Angewaacha wale! Halafu watoto wake wangekula heshima.

Sasa nieleze kuhusu risaga. Sisi tunavuna kwa risaga: leo tunakwenda wote shambani kwako, keshokutwa kwangu, Jumatano kwa fulani. Mwenye shamba anapika na kukoroga togwa. Halipwi mtu, ila aliyekuja kwako nawe unakwenda kwake. Mwaka huu nilikuwa nimevuna mashamba ya wenzangu karibu yote. Zamu yangu ilikuwa Jumamosi, na mtama usingeweza kusubiri zaidi ya hapo. Tembo wakishaonja shamba hurudi. Kila mtu hapa anajua kwamba baada ya kuwafukuza mara moja una siku chache tu.

Anayepanga risaga yetu ni Sarah, mwenyekiti wa kwaya ya akina mama, tunayemwita Mama Jackson. Alikuja nyumbani Jumatano, akakaa ukingoni mwa kigoda kana kwamba kigoda nacho kina laana.

"Mama Schola, akina mama wanaogopa."

"Wanaogopa nini?"

"Wengine wanaogopa dhambi, wengine wanaogopa laana." Alishusha pumzi. "Mimi naogopa vyote."

"Mama Jackson, mimi nilivaa bukta."

"Sikuiona."

"Si wameifunika kwa ukungu!"

"Na kwa nini wafunike kitu kama kimevaliwa? Lisemwalo lipo, Mama Schola. Kama halipo, laja."

Utamwelezaje mtu kwamba kilichofichwa kilikuwa ni nguo? Tangu duniani kuwe na ukungu wa simu, watu wameshazoea kwamba nyuma yake kuna uchi. Vincent alilijua hilo vizuri.

Sarah alikuja na suluhisho lake mkononi. Alikuwa ameshaongea na Vincent. Kijana atakuja kesho, nitaomba radhi mbele ya kamera, maneno mawili tu, kanisa litaridhika, wazee wataridhika, na Jumamosi asubuhi wanawake wote watakuwa shambani kwangu na visu vyao.

"Na nisipoomba?"

"Utavuna na mwanao na mama mkwe wako," alisema. "Mtama wote ule."

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililonikera zaidi, kwamba alisema kwa huruma.

Jioni nikampigia Werema. Kule kambini walikuwa wameshamwonyesha ile video, mpaka dereva mmoja akamuuliza kama mkewe anatumbuiza pia kwenye harusi. Nilidhani atawaka. Akasema, "Omba radhi yaishe, Nyangi. Ni neno tu, halina uzito."

"Kama halina uzito mbona mnalitaka kwa nguvu hivyo?"

"Sisi tunataka mtama."

"Hata mimi nataka mtama!" Nikakata simu. Nilikasirika, na ndani ya hasira kulikuwa na hofu, kwa sababu alichosema kilikuwa kweli. Tungekosa mtama ule tungekuwa na shida mpaka mwaka mwingine.

Vincent alikuja Alhamisi na pikipiki, amevaa koti la suti juu ya jinzi. Mama mkwe wangu, bibi Ghati, alikuwa mlangoni akichambua maharage. Ni mwanamke mkali, haogopi mtu. Tangu video itoke alikuwa hajaniambia neno juu yake, zuri wala baya, na mimi niliamini ananionea aibu.

"Shikamoo, bibi," Vincent akasema.

"Marahaba. Ndiye wewe uliyemvua mkamwana wangu?"

Kijana akacheka kidogo, akaona hakuna mwenzake wa kucheka naye, akashughulika na kamera. Alinikalisha kwenye mkeka chini, ingawa viti vilikuwepo. Akaniambia nijitande kanga kichwani, niinamishe uso, na kama machozi yatakuja nisiyazuie.

"Nitalia kwa sababu gani?"

"Ni hisia tu, mama. Watazamaji wanapenda hisia."

Nilikuwa nimetoka kutwanga, jasho linanitiririka. Nikajifuta uso kwa ncha ya kanga. Akanisogezea maikrofoni yake yenye sifongo ya njano, akaniuliza ninawaambia nini Watanzania. Nikatazama kwenye kioo cha kamera nikasema maneno haya, na nayaandika yote:

"Naomba radhi. Naomba radhi kwa wale tembo watano, maana niliwakuta mezani nikawafukuza kabla hawajashiba. Kwa binadamu sina radhi ya kuomba. Nilivaa bukta, na huyu kijana ndiye aliyeivua, kwa simu yake, akiwa amekaa Mugumu."

Bibi Ghati alicheka mpaka maharage yakamwagika. Vincent akaniomba turudie. Nikamwambia mimi si kwaya, sirudii ubeti. Akakunja vitu vyake akaondoka, na mimi nikajua risaga yangu imekufa.

Hata hivyo Ijumaa nilikoroga togwa, pipa zima. Mama mkwe akaniuliza ni ya nani. Nikamwambia ni ya watakaokuja. Akaenda kuchukua unga wa udaga, ule wa muhogo, akauchekecha.

Jumamosi kulipopambazuka tulikuwa shambani watatu, mimi na Schola na bibi Ghati, tukikata vichwa vya mtama na kuvitia kwenye vikapu. Shamba mbele yetu lilionekana halina mwisho. Halafu nikasikia wimbo. Wanawake walikuwa wakija kwa njia ya kisimani, Sarah mbele, visu mikononi, vikapu kichwani, ishirini na zaidi, wanaimba. Nilisimama nikawa nalia kweli, hapo hakuna kamera wala nini. Niliona wenzangu wamenielewa. Nilifikiri Vincent ameonyesha maneno yangu kama nilivyoyasema, na nikamwombea baraka mtoto wa watu, mimi mjinga.

Tuliingia kazini. Hakuna raha kama risaga ikichangamka, mstari unasogea wenyewe, huyu anamtania yule, wifi anamchokoza wifi. Saa nne hivi theluthi ya shamba ilikuwa imevunwa. Nikatangaza togwa. Wakakaa kivulini mwa turubai, na Sarah akasimama ili aombe.

"Tunakushukuru Bwana," akasema, "kwa dada yetu Nyangi, uliyemgusa moyo akakiri kosa lake mbele ya watu wote, tena kwa machozi. Nanyi mabinti mlioko hapa, mjifunze kwake. Mwanamke akijiaibisha, hana budi kunyenyekea ili apokelewe tena."

Akina mama wakaitika amina. Mimi nilikuwa na kikombe mkononi, nikabaki nacho hewani.

"Happy," nikasema, "nionyeshe hiyo video."

Happy akaitoa simu taratibu. Ilikuwa ni mimi, nimekaa kwenye mkeka. Nainamisha uso, najifuta jasho, na huko kujifuta wamekupunguza kasi mpaka kumekuwa kilio. Kinanda kinalia. Nasema, "Naomba radhi." Basi. Inaishia hapo, na chini yake maandishi: AJUTIA. Maneno yangu mawili ya kwanza yalitosha, mengine yote yalikatwa na kutupwa walikotupwa wale tembo.

Nikahisi kidole kikinigusa kiunoni. Ni bibi Ghati, amesogea nyuma yangu.

"Nyamaza," aliniambia kwa Kikurya, chini chini. "Nyamaza mpaka jioni. Mtama ukishaingia ghalani utasema unachotaka."

Ushauri ule ulikuwa na akili kuliko mimi. Nisingesema uongo wowote. Ningekunywa togwa tu. Jioni shamba zima lingekuwa limevunwa na tembo wangekuta mabua. Nilitazama mtama uliobaki, umesimama umejaa, nikaona sufuria zetu za Februari na Machi. Kisha nikamtazama Schola. Alikuwa amekaa na wasichana wenzake, wale mabinti walioambiwa wajifunze kwangu, na alikuwa ameinamisha uso vilevile kama Vincent alivyotaka mimi niinamishe. Shuleni wiki nzima walikuwa wakimwita mtoto wa uchi. Hakuwahi kuwajibu. Alikuwa pale siku ile, alikuwa na debe mkononi, alijua kila kitu, na sasa alikuwa anasikia mama yake anashukuriwa kwa kukubali uongo.

Nikaweka kikombe chini.

"Akina mama, sikuomba radhi."

Sarah akacheka kidogo, akidhani namalizia maombi.

"Sikuomba radhi, Mama Jackson. Niliomba radhi kwa tembo, kwa kejeli, na mama mkwe wangu ni shahidi. Wamekata. Sikubaki uchi, sikumlaani mtu, sijakosea, na sijutii. Wakija leo nitafanya vilevile. Sasa mmejua. Anayetaka kuendelea aendelee, anayetaka kuondoka kisu chake kile pale."

Mwanamke mmoja akajikung'uta sketi kama aliyekalia siafu.

"Umetuingiza kwa hila kwenye shamba lenye laana," Sarah akasema.

"Mmeingizwa na simu zenu. Mimi nilikuwa hapa nakata mtama."

"Kwa nini unakuwa hivi, Nyangi?" Alikuwa ameacha hata kuniita Mama Schola. "Neno moja tu! Wote tumeshawahi kuomba radhi kwa mambo ambayo hatukuyafanya. Unafikiri mimi sijawahi? Ndivyo tunavyoishi. Wewe ni nani usiombe?"

Kwa mara ya kwanza nilimwona Sarah vizuri, na nusura nimwonee huruma. Lakini nilikuwa nimeshakasirika mno.

"Basi mimi ni yule ambaye hakuomba," nikasema. "Awepo hata mmoja."

Akaokota kisu chake. Akaondoka, na wanawake wakaanza kusimama mmoja mmoja, wengine bila kunitazama, mmoja akimalizia togwa yake haraka kwanza. Hakuna aliyeimba. Niliwatazama mpaka wakafika kisimani. Nilikuwa nataka kuwaita, sitadanganya. Jina la Sarah lilikuwa mdomoni kabisa, nikalimeza.

Nilipogeuka nilikuta wamebaki saba. Happy alikuwepo, amenyanyua simu, anarekodi.

"Dada, nizime?"

"Usizime. Ila ukiirusha, uirushe yote. Usinikate."

Mzee mmoja wa kike, jirani yetu wa upande wa mtoni, alikuwa bado amekaa na kikombe. Nikamwuliza kama yeye haogopi laana. "Mwanangu," akasema, "mimi ni kizee, uchi nimeuona mwingi. Niongeze togwa."

Bibi Ghati alikuwa ameshaingia kwenye mstari. Alikata vichwa vitatu vinne kwa hasira, akavitupa kikapuni.

"Nilikwambia unyamaze," alisema bila kuinua uso.

"Uliniambia, mama."

"Lakini ningekuwa wewe, ningesema tangu wakati wa maombi. Nisingengoja yule mwanamke aseme amina." Akakata kingine. "Schola! Unatazama nini? Njoo huku, mstari huu ni wako."

Schola akaja. Alipita mbele yangu ameinua uso, akachukua kisu, akaanza.

Tulivuna mpaka giza likatuzuia. Wale saba walirudi Jumapili baada ya ibada, na ibada yenyewe iliniimba bila kunitaja jina. Hatukumaliza. Jumapili jioni tembo walirudi, safari hii kumi na mmoja, wakaingia upande ambao hatukuufikia, na kwa wingi ule hakuna kanga ingewatosha. Nilisimama kwenye kichuguu nikawatazama wanakula. Iliniuma. Anayekwambia kuwa ukisema kweli tumbo linashiba, hajawahi kulima.

Jumatatu Vincent alipiga simu. Alikuwa ameiona video ya Happy, anataka kuja kufanya nyingine: mama agoma. Nikamwambia aje na kisu, maana maikrofoni haikati mtama. Hakuja.

Werema alipiga jioni. Aliuliza habari za mama, za Schola, akazunguka weee, hatimaye akafika alipokuwa anaelekea.

"Tumepata magunia mangapi?"

"Manane."

Mwaka jana tulipata kumi na matatu. Nilimsikia akihesabu miezi kimya kimya, nami nilikuwa nimeshaihesabu kabla yake. Ingefika Februari, labda katikati ya Machi, kwa kujibana.

"Ungenyamaza siku moja tu, Nyangi," akasema. Hakuwa mkali. Alikuwa amechoka. "Yangekuwa kumi na matatu."

"Yangekuwa," nikamjibu. "Sasa ni manane. Tutayala polepole, na hakuna hata gunia moja humo nililoliombea radhi."